Mama Kaaya, Mkunjaji wa Majengo

Leo Jumanne, tarehe 30 Septemba 2025, Bi. Elinipa Kaaya anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Mahema ya Amarjit na Wanawe, hapa Sokon I, kwa miaka thelathini na mmoja kasoro siku mbili. Hizo siku mbili amezitaja mwenyewe mara tatu wiki hii. Aliajiriwa tarehe 3 Oktoba 1994, na hapendi mtu amwongezee kitu ambacho hakukifanyia kazi.

Kamati ya sherehe imempa kazi ya kuandika wasifu huu Philemoni wa chumba cha kuchomelea, kwa hoja kwamba ndiye aliyegombana na mstaafu kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote, kwa hiyo ndiye anayemfahamu. Mwandishi amekubali bila kinyongo. Anaomba tu wasomaji wajue mapema kwamba katika ugomvi mwingi yeye ndiye aliyekuwa na makosa. Ameona akiri hilo kwa maandishi, kwa sababu kwa mdomo hajawahi na hana mpango huo.

Mama Kaaya, kama tunavyomwita wote hapa, alizaliwa Kikwe mwaka 1965 na kusoma huko mpaka darasa la saba. Hakuja karakanani kama fundi. Marehemu Mzee Amarjit, mwanzilishi wetu, alimwajiri katika chumba cha kukunjia, ambako mahema yaliyokwisha kushonwa hukunjwa na kutiwa kwenye mifuko yake kabla ya kupelekwa kwa kampuni za utalii. Siku hizo kila aliyewekwa chumba kile alikuwa anasubiri nafasi ipatikane kwenye cherehani aondoke. Yeye alikaa miaka kumi na tisa, na nafasi za cherehani alizikataa mara mbili.

Watu walidhani ana woga wa mashine. Kumbe alikuwa amegundua kwamba kukunja ni ufundi. Hema la turubai zito, alituambia, lina tumbo. Ukilikunja mara ya kwanza linakubali, mara ya pili linanung'unika, mara ya tatu linakataa kabisa, na wewe unaanza kulikalia kama mtu anayefunga sanduku la safari. Ndipo alipoweka utaratibu wake wa vidole viwili: katika mkunjo wa kwanza uache nafasi ya vidole viwili, na mkunjo unaofuata uache vinne, ili tumbo la turubai lipate pa kukaa. Mahema yake yaliingia mfukoni yakiwa yametulia, na madereva wa utalii wakaanza kuyaomba kwa jina lake.

Sifa hiyo ilikuwa na usumbufu wake. Mwaka 2006 simu iliita ofisini kutoka Serengeti. Wapishi wanne wa kambi walikuwa wamehangaika tangu asubuhi kulirudisha hema moja mfukoni, wageni wamekwisha kaa kwenye magari, na fisi mmoja, kwa maelezo yao, alikuwa amekuja kutazama. Mama Kaaya alishika simu akafumba macho. Aliwaongoza mkunjo kwa mkunjo kwa dakika ishirini, akiwafokea watu asiowaona kwa makosa asiyoyaona, na kila alipofoka, kule wakakiri kwamba ni kweli, wamekosea hapohapo. Hema liliingia. Mpishi mkuu wa kambi ile alimletea mbuzi sikukuu ya Krismasi, na wengi wanaosoma wasifu huu wanakumbuka supu yake.

Sasa tuje kwenye jambo lililomtoa katika chumba cha kukunjia na kumfanya ajulikane mpaka nje ya mkoa.

Mwaka 2011 alikuja mwalimu wa hisabati wa kujitolea kutoka Japani kurekebishiwa zipu ya begi. Zipu zetu huchukua muda kuliko tunavyoahidi, hilo tukubaliane. Akiwa anasubiri, yule mwalimu aliokota kipande cha karatasi ya khaki ya kukatia ruwaza, akakikunja kwa mistari ya zigizaga, milima na mabonde, kwa ufundi wa kwao uitwao origami. Alipomaliza alishika pembe mbili akavuta kidogo, karatasi nzima ikafunguka kwa pamoja. Akasukuma, ikajikusanya ikawa ndogo kama kiganja. Mama Kaaya, aliyekuwa anapita na hema begani, alilitua hema. Alimwomba afanye tena. Alimwomba mara sita. Zipu ilikuwa imekwisha kitambo, mwalimu maskini akawa bado amekaa.

Kwa miaka miwili iliyofuata hakuna karatasi iliyosalimika mbele yake. Alikunja karatasi za vitumbua, tiketi za basi, ratiba za ibada ya Kilutheri huku mahubiri yakiendelea, na barua moja ya onyo aliyoandikiwa na uongozi kwa ajili ya kuharibu karatasi. Swali lake lilikuwa moja tu, na alimuuliza kila mtu mpaka akachosha: kama karatasi inafunguka yote kwa kuvuta pembe mbili, kwa nini nyumba isifunguke hivyo? Kwa nini watu wahangaike na nguzo arobaini na kamba sitini, wakati paa na kuta vingeweza kufika vimekunjwa kwenye gari na kusimama vyenyewe?

Bw. Paramjit, aliyekwisha kushika karakana kutoka kwa baba yake, alimpa nafasi mwaka 2013. Kazi ya kwanza ilikuwa banda la maonyesho ya Nane Nane, vipande thelathini vya plaiwudi vilivyounganishwa kwa bawaba. Mama Kaaya alichora mistari kutoka kwenye karatasi yake, na mwandishi wa wasifu huu akachomelea bawaba juu ya mistari ileile, bila kuongeza wala kupunguza. Lilipokuwa limetandazwa chini lilipendeza sana. Tulipoanza kulikunja lilifika nusu likakwama, tukasukuma, plaiwudi ikapasuka kwa mlio uliomtoa Bw. Paramjit ofisini na kikombe mkononi.

Mama Kaaya alisema bawaba zimewekwa vibaya. Mwandishi alisema mistari imechorwa vibaya. Yakasemwa na mengine. Kwa wiki tatu wawili hawa hawakusalimiana, jambo ambalo lilikuwa na ugumu wake, kwa sababu mwandishi ni mdogo kwa miaka tisa na shikamoo ni haki ya mkubwa hata ukiwa umenuna. Suluhisho lilipatikana kantini. Kila asubuhi mwandishi alimpa Naisiae, mpishi wetu, shikamoo aifikishe pamoja na chai. Marahaba ilirudi saa nne pamoja na kikombe kitupu. Naisiae anasema hajawahi kubeba mzigo mwepesi uliomchosha namna ile.

Wiki ya nne Mama Kaaya alikuja mwenyewe chumba cha kuchomelea na bakuli la loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, akaliweka juu ya meza ya vyuma. Alikuwa amelijua kosa. Karatasi ni nyembamba, haina tumbo, ndiyo maana mistari yake haidanganyi. Plaiwudi ina tumbo kama turubai. Yeye, aliyewafundisha wenzake vidole viwili kwa miaka mingi, alikuwa amelewa uzuri wa karatasi akaisahau kazi yake mwenyewe. Bawaba zisikae zote juu ya mstari: nyingine zikae upande wa juu, nyingine upande wa chini, na kila mkunjo uachiwe nafasi kubwa kuliko ule uliotangulia. "Tumekosea wote wawili," alisema, "ila wewe zaidi." Mwandishi alikula loshoro.

Banda la pili lilikunjika. Ndivyo kilivyozaliwa kitengo cha mikunjo, ambacho leo kina watu tisa. Kimetengeneza vivuli vya kuchanjia ng'ombe vinavyofungwa nyuma ya pikipiki, jukwaa la kwaya linalosimama kwa dakika nne, na madarasa ya muda yaliyopelekwa kwenye vijiji vya chini ya Meru baada ya mafuriko, kila darasa likiwa limelala kwenye pikapu moja. Wahandisi wametoka Dodoma na Nairobi kuja kuona. Wote walimuuliza swali moja, michoro iko wapi, na wote walipata jibu moja: aliinua mkono wa kulia akawaonyesha vidole.

Walicheka na sisi tukacheka. Hatukujua kwamba hapo ndipo palipokuwa na shida.

Shida ilijitokeza Machi 2023, Mama Kaaya alipofanyiwa upasuaji na kulala nyumbani mwezi mzima. Tulikuwa na oda ya darasa moja. Tuliamini tunaweza, maana tulikuwa tumeyatengeneza mengi pamoja naye. Darasa lilifunguka vizuri, kisha likagoma kufunga. Tulilipeleka kwa mteja juu ya Fuso likiwa limefunga nusu, bawa moja limetokeza pembeni kama mtu anayetoa mkono dirishani, na trafiki watatu tofauti walitusimamisha kabla hatujafika. Mteja alilirudisha wiki hiyohiyo.

Bw. Paramjit ni mpole, lakini hakuzunguka. Alituita wote akasema kwamba kazi inayokaa katika mkono wa mtu mmoja haiwezi kuahidiwa kwa wateja. Kama ifikapo siku ya kustaafu kwa Mama Kaaya kitengo hakitaweza kutengeneza jengo bila yeye, kitafungwa siku hiyo. Cherehani zina watu wa kutosha, kwa hiyo wale tisa wangelazimika kutafuta kazi kwingine. Mama Kaaya aliporudi na kuambiwa, alikaa akauweka mkoba wake magotini. Kisha akasema hawezi kwenda Kikwe na kazi za watu tisa ndani ya mkoba wake.

Hapo ndipo alipoingia Nice, mhandisi wetu kijana kutoka Olasiti, aliyekuwa ameajiriwa mwaka uliotangulia na kompyuta yake. Kwa mwaka mmoja na nusu Nice alikaa ubavuni kwa Mama Kaaya na kalipa mkononi, kile kifaa cha kupimia unene, akipima vidole vyake. Si mzaha. Alivipima asubuhi na jioni, akagundua kwamba vidole viwili vya Julai, Meru ikiwa imejifunika ukungu na baridi imekaza, ni vyembamba kuliko vidole viwili vya Februari. Alipima pia jinsi Mama anavyoviweka, kwa kuwa huvibana kwenye turubai na kuvilegeza kwenye plaiwudi, jambo ambalo Mama mwenyewe alikuwa halijui na alilikanusha kwa siku nne. Vipimo vyote viliandikwa, vikachorwa, vikajaribiwa kwa karatasi, kisha kwa maboksi, kisha kwa mbao.

Walikuwa wanafunzi wawili na walimu wawili kwa wakati mmoja, na mwandishi hajawahi kuona mapenzi yenye kelele nyingi kiasi kile. Tatizo lilibaki moja. Mama Kaaya hawezi kuona kosa akanyamaza. Mkono wa Nice ukikaribia tu kukosea, sauti ilikwisha kufika, na kwa namna hiyo hakuna aliyejua kama Nice anaweza au la. Mama mwenyewe ndiye aliyeliona hilo. Alitoa shauri kwamba jengo la mwisho, zahanati ya kuhamahama ya akina mama na watoto kwa ajili ya vijiji vya magharibi ya Meru, litengenezwe na wale tisa bila yeye kugusa. Siku ya kulijaribu angekaa kwenye kiti na kufunga mdomo.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, tarehe 23 Agosti. Zahanati ilikuwa imelala katikati ya uwanja wa karakana, nene kama godoro la watu wanane, na ikifunguka ilitakiwa kuwa na vyumba viwili na baraza. Ina makomeo ishirini na manne, na kila kipande kinaponyooka sawasawa komeo lake hujifunga lenyewe kwa mlio mkali unaosikika karakana nzima. Bw. Paramjit alisimama mlangoni mwa ofisi, mikono nyuma. Mama Kaaya alikaa kwenye kiti chake kando ya ukuta, amevaa kanga mpya. Nice alitoa ishara, wakavuta.

Makomeo kumi na moja yalilia mfululizo. Kisha kimya. Paa lilikuwa limesimama nusu, bawa la kushoto likining'inia. Sote, bila kuambiana, tuligeuka kutazama kiti cha Mama Kaaya. Kilikuwa kitupu. Naisiae alisema amekwenda kunywa dawa yake ya presha, na mpaka leo hii ndivyo karakana nzima inavyoamini.

Sasa mwandishi anatoa siri ambayo hakutumwa kuitoa. Wakati ule alisema anakwenda stoo kuchukua grisi. Uongo. Alikwenda kumtafuta Mama Kaaya amuulize kwa kunong'ona kosa liko wapi, kinyume cha makubaliano yote, kwa sababu aliziona kazi za watu tisa zinaondoka na yeye aliogopa. Alimkuta humo stoo, amesimama katikati ya marobota ya turubai, ameuma pindo la kanga yake kwa meno yote. Macho yalikuwa yamejaa machozi. Alikuwa ameliona kosa kabla hata paa halijakwama, na alikuwa amekimbia ili mdomo wake usimsaliti. Mwandishi alipofungua kinywa kuuliza, Mama hakuitoa kanga. Alinyoosha mkono akaonyesha kopo la grisi. Mwandishi alilichukua akatoka.

Nje, Nice alikuwa amefunga kompyuta. Aliamuru bawa lishushwe, akapiga magoti, akaanza kupapasa bawaba moja baada ya nyingine kwa vidole vyake mwenyewe. Ya saba ilikuwa upande wa juu badala ya chini. Aliyeichomelea ni mwandishi wa wasifu huu. Mchoro ulikuwa sahihi. Nice hakufoka, na kutofoka kwake kuliuma zaidi. Alisema tu, "Kaka Philemoni, hii igeuzwe," ikageuzwa kwa dakika arobaini, wakavuta upya.

Mwandishi alikuwa amerudi stoo kulirudisha kopo. Ndiyo maana aliona alichokiona. Mama Kaaya alikuwa bado ameuma kanga, akihesabu kila mlio kwa vidole. Kumi. Kumi na moja. Hapo vidole vilisimama hewani. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Milio iliyobaki ilikuja haraka mpaka vidole vikashindwa kufuatana nayo, akawa anahesabu kwa kichwa. Komeo la ishirini na nne lilipolia, uwanja wote ukapiga kelele, naye akaitoa kanga mdomoni taratibu. Hakwenda kutazama. Alisema, "Imesimama. Basi mimi naweza kwenda," akajifuta uso, akachukua mkoba, akapita mlango wa nyuma. Mwandishi alilia pale stoo, na analiandika hilo waziwazi.

Zahanati ilifunga na kufunguka mara nne siku ile. Jumatatu iliondoka kwa Fuso, ikiwa imefunga kabisa, na trafiki hawakuwa na la kusema.

Kwa niaba ya uongozi, mafundi wa cherehani, chumba cha kukunjia, kantini na kitengo cha mikunjo, tunakushukuru, Mama Kaaya, kwa kila ulichotufundisha, na zaidi kwa saa ile moja uliyonyamaza. Tunajua ilikugharimu kuliko miaka yote ya kusema. Nenda Kikwe ukapumzike, ulime maharage yako, uwaburudishe wajukuu, presha ishuke, na Mungu akupe siku nyingi zenye afya na utulivu. Kesho Jumatano, saa mbili kamili asubuhi, watu tisa wataingia kazini.